Kuvua samaki huku umeajiriwa ofisini: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ni Jumanne, saa 4 asubuhi. Mbele yako kuna jedwali la hesabu linalotakiwa kabla ya kikao cha mchana, na wewe unatazama matawi ya mti nje ya dirisha ujue upepo umegeukia wapi. Kama hali hiyo unaijua, mwongozo huu ni wako. Nimefanya kazi ya mezani kwa miaka mingi, kuingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, na muda wote huo sijaacha kuvua kwa mshipi. Miaka ya mwanzo nilivua vibaya na nikafanya kazi vibaya. Leo vyote viwili vinakwenda, na sijaongezewa hata saa moja. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuyapangia maji ratiba kama nilivyozoea kupangia vikao.

Wapo watakaokukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Humponyoka kweli yule anayeyashika yote kwa wakati mmoja: anajibu barua pepe za kazi akiwa juu ya mwamba, kisha anatazama picha za samaki akiwa kwenye kikao. Hatua zifuatazo ni za kuvipa vitu hivi viwili zamu.

Hatua ya 1: Zijue saa zako

Wiki ina saa 168. Toa za kulala, 56 ukilala saa 8 kila usiku. Toa za kazi pamoja na mapumziko ya mchana, tuseme 45, na za kwenda na kurudi, tuseme 10. Zinabaki 57, na humo ndimo mnamopita kupika, kufua, watoto, wazazi, wagonjwa wa kutazamwa na sherehe za ndugu. Chukua karatasi uandike wiki yako kama ilivyo, hata kama inakukatisha tamaa. Mimi nilipoandika yangu nilipata saa 7 za kuvua: 5 kwa mkupuo mmoja na 2 zilizotawanyika. Saba zinatosha, mradi uzitumie pale samaki anapokula.

Na usiziombolezee sana saa ambazo ofisi imezichukua. Samaki wengi wanaowinda wenzao hutoka alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa hafifu. Jua likishapanda, maji ya kina kifupi hupata joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Kwa hiyo ziwani na mtoni, adhuhuri yenye jua kali huwakuta samaki wengi wameshuka kwenye kina au wamejibanza kivulini. Wakati huo wewe uko mezani, na hujakosa mengi.

Hatua ya 2: Weka kalenda mbili kwenye ukurasa mmoja

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha maisha yangu ya uvuvi, nami nitaieleza kwa kirefu.

Ofisi huhesabu siku kwa jua. Bahari huzihesabu kwa mwezi. Siku ya mwezi ina takriban saa 24 na dakika 50, na ndiyo maana maji huchelewa kujaa kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwenye pwani nyingi yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya muda huo. Sasa ziweke dakika hizo 50 kwenye wiki yako ya kazi uone zinavyofanya.

Tuseme Jumamosi hii maji yanajaa saa 1 asubuhi. Umeamka alfajiri, umefika yakiwa yanapanda, kila kitu kiko sawa. Jumapili yatajaa kama saa 1:50. Jumatatu saa 2:40, wakati umeshaketi ofisini. Ukifika Jumamosi inayofuata, yamechelewa kwa karibu saa 6 nzima: yanajaa kuelekea saa 7 mchana, na ile saa 1 uliyoipenda wiki iliyopita inayakuta yamepwa, umesimama unatazama mchanga. Lakini subiri wiki moja zaidi. Jumamosi ya tatu yanajaa tena asubuhi, mapema kidogo kuliko ile ya kwanza, kama kwa dakika 40.

Maana yake ni kwamba Jumamosi nzuri na Jumamosi mbaya hupokezana. Nilipoligundua hili nilikuwa nimepoteza miaka nikienda kila wiki saa ileile, nikirudi na samaki wiki moja na mikono mitupu wiki ya pili, nikilaumu chambo. Kumbe nusu ya Jumamosi zangu zilikuwa za kukaa nyumbani tangu mwanzo.

Fanya hivi. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la sehemu unayovua. Chapisha kalenda ya mwezi, au tumia ile ya kwenye simu. Kwenye kila Jumamosi na Jumapili andika saa ya maji kujaa. Zungushia duara zile ambazo kujaa kunaangukia karibu na alfajiri au magharibi. Halafu, kwa kalamu ya rangi nyingine, tia vikao vikubwa, tarehe za ripoti, safari za kikazi na siku za familia. Palipo na duara na hapana rangi ya pili, hapo ndipo pako.

Ongeza alama ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku zinazozunguka hizo mbili ni za bamvua: maji hupanda sana, hushuka sana, na mkondo una nguvu. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, mkondo umelegea. Kwa maoni yangu anayevua kutoka ufukweni kwa chubwi jepesi, yaani kile kipande kizito cha kuzamisha mshipi, hupata raha zaidi siku mbili tatu kabla au baada ya bamvua lenyewe kuliko kwenye kilele chake, maana kwenye kilele mkondo huburuta kila kitu. Wengine watabisha, na wana haki yao. Kila ufuko una tabia zake.

Angalizo moja. Si kila pwani ina mpangilio huu. Sehemu za Ghuba ya Meksiko hujaa mara moja tu kwa siku, na sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo mno. Na kama unavua ziwani au mtoni, weka kando mwezi, andika saa za jua kuchomoza na kuzama pamoja na utabiri wa upepo. Njia ni ileile: kalenda mbili, ukurasa mmoja.

Hatua ya 3: Ongea na watu kabla ya kununua ndoana nyingine

Anza nyumbani. Anayeishi na mtu wa ofisini anamkosa siku tano, na ukimnyima na ya sita umemdhulumu. Kalenda ya hatua ya 2 inakupa cha kuweka mezani: Jumamosi ya duara ni yangu hadi saa 5 asubuhi, Jumamosi nyingine ni yenu tangu asubuhi hadi usiku. Ahadi ya namna hii inapokewa vizuri kwa sababu ina tarehe. Nami nimeona kwamba watu wa nyumbani wakishaijua kalenda huanza kukukumbusha wenyewe.

Kazini, mweleze mkuu wako waziwazi kwamba unavua. Huhitaji kuomba radhi. Ukitaka ruhusa ya nusu siku, iombe mapema, taja nani atashika kazi yako, na uimalize iliyo mezani kabla ya kuondoka. Usijifanye mgonjwa hata mara moja. Jua la baharini huacha alama usoni, na uaminifu ukishatoboka hauzibiki kwa likizo.

Kuhusu likizo yenyewe, soma mkataba wako. Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, umeweka wiki 3 za kazi kwa mwaka kuwa kima cha chini katika nchi zilizouridhia. Unaruhusu kuigawa likizo, ila sehemu moja iwe na angalau wiki 2 mfululizo, isipokuwa kuna makubaliano mengine. Sheria za nchi yako na za mwajiri wako zinaweza kukupa zaidi. Mimi hupeleka sehemu ndefu yote kwa familia, na zile siku chache zinazobaki ndizo ninazozikata vipandevipande: Ijumaa moja hapa, nusu ya Jumatatu pale, kila kipande kikiwa kimeegeshwa kwenye duara la kalenda. Nusu siku nne zilizopangwa na maji zimenipa samaki wengi kuliko wiki nzima niliyowahi kuichukua bila kutazama mwezi.

Hatua ya 4: Chagua maji ya karibu

Maji mazuri yaliyo mbali ni ya likizo. Ya kila wiki yawe ndani ya nusu saa kutoka nyumbani au kazini, hata kama ni kipande kidogo cha ukingo kisichosifiwa na mtu. Ukirudi mahali pamoja mara 20 utajua jiwe lipi linanasa mshipi na wapi mkondo unajikunja. Kabla ya yote, ulizia mamlaka husika kuhusu leseni, maeneo yaliyokatazwa, msimu wa kufungwa na ukubwa wa samaki anayeruhusiwa.

Hatua ya 5: Mkoba uwe tayari usiku

Alfajiri si wakati wa kutafuta koleo. Nina mkoba mmoja ambao hautumiki kwa kitu kingine, na unakaa karibu na mlango. Ndani yake: rili na fimbo inayokunjika, kijisanduku cha ndoana za saizi tatu tu, machubwi, koleo dogo la kutolea ndoana, kisu chenye ala, mkasi, taa ya kichwani, taulo mbili, mfuko wa taka, plasta na dawa ya kusafishia kidonda. Chambo kiko kwenye friji, kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, na mwenye nyumba mwenzangu anajua ni nini.

Funga ndoana usiku huo, kwa utulivu, chini ya taa. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uuzungushe wenyewe kwa wenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kijitundu kilicho karibu na ndoana, kisha ipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Sasa, kabla ya kukaza, lilowanishe fundo kwa mate au maji. Wengi huruka kitendo hiki. Uzi mkavu wa nailoni ukikazwa hujisugua na kupata joto, na joto hilo huudhoofisha palepale kwenye fundo. Utauona: badala ya kulala mizunguko ikiwa laini na inayong'aa, hujikunjakunja na kuwa na weupe kama wa maziwa. Fundo la namna hiyo likate, ufunge jingine. Samaki mkubwa wa mwaka wako anaweza kuja asubuhi hiyohiyo.

Uzi wenyewe ubadilishe mara kwa mara na uweke mbali na jua, maana miale yake huula nailoni taratibu bila kuonekana. Vipande chakavu virudi nyumbani kwenye mfuko wa taka. Uzi uliotupwa majini hubaki ukinasa ndege na kasa kwa miaka mingi mno, na anayeyapenda maji hawezi kulifanya hilo.

Hatua ya 6: Kuvua kabla ya kuingia kazini

Hili linawezekana mara moja kwa wiki, mbili ukiwa na nguvu. Ratiba yangu ni hii: kuamka saa 10:30 alfajiri, kufika saa 11:10, mshipi majini saa 11:20, kukunja saa 12:30 asubuhi, nyumbani saa 1 kuoga, ofisini saa 1:50. Ni dakika 70 za kuvua. Ili usingizi usipungue, usiku wake ninalala saa 3. Nisipoweza kulala saa hiyo, siendi. Kuendesha gari au kusimama juu ya mwamba ukisinzia ni hatari kuliko dhoruba.

Jambo la kulilinda kuliko yote ni ile saa ya kukunja. Niliwahi kuidharau. Ilikuwa siku ya kikao kikubwa cha robo mwaka, na kengele ya simu ililia wakati samaki ameanza kudonoa. Nikajiambia dakika tano. Zikawa kumi na tano. Nilifika kikaoni kimeanza, nimechelewa kwa dakika 40, na nilipoweka mkono mezani kuchukua kalamu nikaona gamba moja, jembamba, la rangi ya fedha, limeng'ang'ania pindo la shati langu. Mkuu wangu aliliona pia. Hakusema neno, akasogeza nakala ya ripoti mbele yangu na kuendelea. Kimya kile kiliniuma kuliko kukemewa, kwa sababu alikuwa ndiye mtu aliyenipa ruhusa kila nilipoomba.

Tangu siku hiyo naweka kengele mbili. Ya kwanza inalia dakika 15 kabla, na ikilia sitii chambo kipya. Ya pili ikilia, mshipi unakunjwa hata kama samaki wanaruka miguuni pangu. Na siku ya kikao kikubwa siendi kabisa.

Hatua ya 7: Samaki na shombo

Ukivua kabla ya kazi, chaguo la busara ni kumrudisha samaki majini, maana huna muda wa kumtunza. Lowanisha mikono kabla ya kumshika ili usimtoe ute unaomkinga, mtoe ndoana akiwa bado majini ikiwezekana, mshikilie mpaka apige mkia mwenyewe. Ndoana iliyobanwa kijino chake kwa koleo hutoka kwa urahisi zaidi.

Samaki wa kula awe wa Jumamosi. Nenda na sanduku lenye barafu ya kutosha, uzito wa barafu ukikaribia uzito wa samaki unaotarajia, na umtie humo punde tu ukishamuua. Usimwache kwenye ndoo juani. Samaki wa jamii ya jodari hasa, wakikaa kwenye joto, hujaa histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mpare magamba na kumtumbua palepale kama panaruhusiwa, au nje ya nyumba, kabla hujachoka na kuliahirisha.

Halafu shombo. Mtu wa ofisini lazima alijue vizuri, kwa sababu atakaa chumba kimoja na wenzake siku nzima. Harufu ile hutokana zaidi na trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza samaki wa baharini akishakufa. Ni kitu chenye asili ya alkali, hivyo asidi huifunga na kuizuia isiruke hewani. Ndiyo sababu ndimu hufaa, na siki pia. Kata ndimu, jisugue vidole mmoja mmoja, ingiza kucha ndani ya nyama ya ndimu na uzizungushe humo, subiri dakika moja, suuza, kisha ndipo utumie sabuni. Usianze na sabuni yenye manukato. Inachanganyika na shombo na kuzaa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko zote mbili. Kucha ziwe fupi. Nguo za kuvulia zisikae kabati moja na mashati ya kazi, na viatu visipande kwenye gari unalokwenda nalo ofisini bila kufungwa kwenye mfuko.

Hatua ya 8: Ukiwa ofisini, uwe ofisini

Acha simu ya utabiri wa upepo hadi mapumziko ya mchana. Kwenye mapumziko hayo, ndiyo, fungua daftari lako la uvuvi. Andika tarehe, saa, hali ya maji, upepo, chambo, ulichopata na ulichokosa. Siku za kukosa ndizo zenye thamani kubwa kuandikwa. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitu ambacho hakuna jedwali litakupa: tabia ya ukingo wako.

Kipindi cha kazi nyingi kikija, cha kufunga hesabu au mradi mkubwa, futa maduara ya mwezi huo kwa mkono wako mwenyewe na uwaambie wenzako wa kuvua. Tumia jioni moja kutia rili mafuta na kunoa ndoana. Samaki hawaondoki. Mwezi utarudi palepale baada ya siku 29 na nusu.

Hatua ya 9: Jumapili jioni

Suuza rili na fimbo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mmiminiko mdogo, maana maji ya kasi husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Legeza breki ya rili. Anika taulo. Tupa chambo kilichobaki. Rudisha mkoba mlangoni ukiwa umejazwa, piga pasi shati la Jumatatu, kisha fungua kalenda: tafuta duara linalofuata, hakikisha saa ya maji kujaa, na chini yake andika jina la mwenzako mtakayekwenda naye.